Jim Corbett

Edward James Corbett, anayejulikana zaidi kama Jim Corbett (Naini Tal, Uhindi, 25 Julai 1875 – Nyeri, Kenya, 19 Aprili 1955), alikuwa mwindaji, mwandishi na mhifadhi wa wanyamapori mwenye asili ya Eire. Alipata umaarufu kwa kuwaua chui na chui-milia waliokula watu katika milima ya Kumaon na Garhwal, kaskazini mwa Uhindi, kati ya miaka 1907 na 1938. Baadaye aliacha uwindaji wa kujifurahisha akawa mtetezi wa wanyama haohao. Miaka yake ya mwisho aliishi Nyeri, na huko alizikwa.

Maisha yake yanaonyesha pia jambo ambalo husahaulika katika habari za wawindaji wa zamani. Bunduki waliyobeba haikutokana na ujuzi na mapenzi yao tu. Ilitegemea pia risasi ambazo serikali iliruhusu ziingie nchini. Corbett alijifunza kulenga shabaha kwa bunduki ya kaliba .450, na baadaye kaliba hiyo ilipigwa marufuku Uhindi. Bunduki zilizompa jina ni za kaliba nyingine.

Maisha ya awali

Corbett alizaliwa Naini Tal, mji wa mlimani uliopendwa na Waingereza waliokimbia joto la nchi tambarare. Baba yake, Christopher William Corbett, alikuwa mkuu wa posta mjini hapo. Mama yake aliitwa Mary Jane. Familia ilikuwa kubwa na haikuwa tajiri. Majira ya baridi walihamia Kaladhungi, chini ya milima, ambako nyumba yao ilipakana na msitu. Baba alifariki mwaka 1881, Jim akiwa bado mtoto mdogo, na mama ndiye aliyebeba mzigo wa kuwalea watoto.

Katika msitu wa Kaladhungi Jim alijifunza kutambua nyayo, milio ya ndege na vilio vya tahadhari vya swala na nyani. Silaha yake ya kwanza ya moto ilikuwa gobore la mitutu miwili lililochakaa. Mtutu wa kulia ulikuwa umepasuka, na bunduki nzima ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba nyeupe ili isiachane. Alitumia mtutu wa kushoto peke yake. Baruti ilikuwa haba, hivyo alizoea tangu utoto kutopiga mpaka awe na hakika.

Alipofikisha miaka kumi alijiunga na kikosi cha wanafunzi cha askari wa kujitolea wa Naini Tal. Sajenti meja wa kikosi aliona kipaji chake akamwazima bunduki ya jeshi aina ya Martini, kaliba .450, pamoja na risasi za kutumia wakati wa likizo. Masharti yalikuwa mawili: bunduki itunzwe safi, na maganda matupu ya risasi yarudishwe. Bunduki hiyo ilipiga bega kwa nguvu nyingi, lakini ndiyo aliyoitumia kumuua chui wake wa kwanza.

Kazi ya reli

Corbett aliacha masomo kabla ya kutimiza miaka 19 kwa sababu familia ilihitaji kipato. Aliajiriwa na shirika la reli la Bengal and North Western, kwanza kama mkaguzi wa kuni huko Manakpur. Baadaye alipata kandarasi ya kuvusha mizigo Mokameh Ghat, kwenye mto Ganges. Alifanya kazi hiyo kwa takriban miaka 20, akiishi karibu na wapagazi wake na kusema lugha zao. Wakati wa likizo alirudi milimani.

Sheria ya silaha na marufuku ya kaliba .450

Ili kuelewa bunduki alizotumia Corbett, ni lazima kueleza hali ya Uhindi wakati huo. Baada ya uasi mkubwa wa mwaka 1857, Waingereza waliogopa silaha mikononi mwa wenyeji. Sheria ya Silaha ya mwaka 1878 iliwataka Wahindi wawe na leseni ili kumiliki bunduki, huku Wazungu wakisamehewa sharti hilo. Ubaguzi huo ulikuwa mojawapo ya malalamiko ya muda mrefu ya wapigania uhuru, na Mahatma Gandhi aliulaumu waziwazi. Kwa hiyo wakulima wengi waliolima karibu na misitu hawakuwa na bunduki, au walikuwa na gobore tu.

Hofu ya pili ilitoka mpaka wa kaskazini-magharibi, kuelekea Afghanistan. Tangu mwaka 1871 jeshi la Uingereza lilikuwa limetumia bunduki ya Martini-Henry, yenye risasi ya kaliba .450, yaani kipenyo cha takriban milimita 11.4. Jeshi lilipohamia bunduki za kaliba .303, maelfu ya Martini-Henry zilibaki duniani. Nyingine zilitekwa vitani, nyingine ziliibwa, na mafundi wa maeneo ya Kohat na njia ya Khyber walitengeneza nakala zake kwa mikono. Nyingi zilinunuliwa Muscat, Omani, zikavushwa kwa majahazi hadi pwani ya Makran na kupelekwa Afghanistan kwa misafara ya ngamia. Waingereza walipeleka meli za kivita kuzuia biashara hiyo, na mwaka 1912 Sultani Faisal bin Turki alianzisha ghala maalumu la silaha lenye utaratibu wa vibali.

Bunduki bila risasi ni fimbo tu. Kwa kuwa serikali haikuweza kuzikusanya bunduki zote, ilijaribu kuziba njia ya risasi. Mwanzoni mwa karne ya 20, na kabla ya mwisho wa mwaka 1907, uingizaji wa risasi za kaliba .450 ulipigwa marufuku Uhindi na vilevile Sudani. Marufuku hiyo iliwahusu hata wawindaji.

Wakati huo risasi kubwa iliyopendwa na wawindaji wa tembo, nyati na chui-milia ilikuwa .450 Nitro Express, iliyoletwa na kampuni ya Rigby mwaka 1898. Ganda lake lilikuwa refu na halikuingia katika chemba ya Martini-Henry. Hata hivyo kichwa cha risasi kilikuwa na kipenyo karibu sawa, na fundi angeweza kukichomoa na kukijaza katika ganda jingine. Serikali haikutaka kubishana juu ya urefu wa ganda, ikafunga kaliba yote.

Matokeo yalionekana haraka katika maduka ya mafundi wa bunduki wa Uingereza, ambao walitegemea sana soko la Uhindi. Walitengeneza risasi mpya zenye nguvu karibu ileile lakini vipenyo tofauti kidogo. Ndiyo asili ya wingi wa kaliba zinazowachanganya wasomaji hadi leo: .465 ya Holland & Holland, .470, .475 na .476 ya Westley Richards. Tofauti kati yake porini ni ndogo mno, na mnyama asingeitambua. Tofauti kubwa ilikuwa forodhani. Aliyetaka bunduki mpya kwa ajili ya Uhindi hakuuliza kwanza ipi ina nguvu zaidi, bali ipi itaendelea kupata risasi.

Risasi ya .450/400 ilinufaika pia. Licha ya jina lake, ganda la asili ya .450 lilikuwa limebanwa shingo ili kushika kichwa cha kaliba .400, hivyo haikuguswa na marufuku.

Kwa sababu hiyohiyo, risasi za .303 za jeshi zilizuiwa kwa raia. Badala yake bunduki za kaliba .315 zilienea, na viwanda vya serikali ya Uhindi viliendelea kuzitengeneza kwa raia hata baada ya uhuru.

Chui-milia wa Champawat

Mwaka 1907 Corbett aliombwa amuue chui-milia jike aliyekuwa akila watu karibu na Champawat, Kumaon. Mnyama huyo alihesabiwa kuwa ameua watu 436, kwanza Nepal na kisha Uhindi. Vijiji vilikuwa vimefunga milango, mazao yaliharibika mashambani, na watu hawakuthubutu kwenda kuteka maji. Corbett alikubali kwa masharti kwamba zawadi ya fedha iliyotangazwa ifutwe na wawindaji wengine waondolewe. Hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa wanaoua kwa ajili ya malipo, wala kupigwa risasi kwa bahati mbaya.

Alikwenda na bunduki ya mitutu miwili ya kaliba .500. Siku ya mwisho wanakijiji wapatao mia tatu, wakiongozwa na tahsildar, yaani ofisa wa kodi wa eneo hilo, walipanga mstari juu ya bonde na kupiga kelele ili kumfukuza mnyama kuelekea kwake. Wengi walibeba silaha zozote walizokuwa nazo, pamoja na bunduki zisizo na leseni, na ofisa huyo alikuwa ameahidi kufumba macho siku hiyo.

Corbett alikuwa amebeba risasi tatu tu: mbili za kutumia na moja ya dharura. Alizipiga zote na mnyama alikuwa bado hai, amejeruhiwa na amemgeukia. Ilibidi akimbie kumwendea tahsildar, achukue shotgani yake na kurudi kumkabili mnyama karibu. Shotgani hiyo ilikuwa mbovu kiasi kwamba mitutu haikufunga sawasawa na kitako. Hata hivyo ilitosha kummaliza.

Gavana Mdogo wa Mikoa ya Muungano, Sir John Hewett, alimpa Corbett bunduki kama shukrani. Ilikuwa Rigby yenye mtambo wa Mauser, kaliba .275, na bamba la fedha lililoeleza tukio la Champawat. Mchonga maandishi alikosea herufi za kwanza za jina la Corbett, na kosa hilo liko mpaka leo.

Bunduki zake baada ya 1907

Kaliba .275 ni jina la Kiingereza la risasi ya Kijerumani ya milimita 7 kwa 57. Ilikuwa risasi ya kijeshi: Makaburu waliitumia dhidi ya Waingereza katika vita vya Afrika Kusini vya miaka 1899 hadi 1902. Lakini haikuwa risasi ya jeshi la Uingereza, na bunduki za mtindo wa zamani zilizokuwa mpakani hazikuweza kuitumia. Sheria ililenga risasi zinazolingana na silaha zilizokwisha kuwa mikononi mwa wapinzani. Nguvu ya risasi haikuwa kipimo chake.

Corbett aliipenda bunduki hiyo kwa sababu ilikuwa nyepesi. Mtu aliyewinda kwa miguu, peke yake, akipanda milima siku nzima, alihitaji silaha ambayo haitamchosha. Risasi yake ilikuwa ndogo kwa mnyama mkubwa aliye karibu, hivyo alilazimika kupiga mahali hasa panapoua. Malezi ya gobore bovu yalikuwa yamemwandaa kwa kazi hiyo.

Kwa bunduki hiyo alimuua chui wa Rudraprayag usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 1926, akiwa juu ya mwembe karibu na njia ya mahujaji. Chui huyo aliua watu 125 kwa hesabu za serikali katika muda wa miaka minane, na serikali ilikuwa imetoa hata leseni maalumu za bunduki kwa wakazi ili wamsake. Mwaka 1930 Corbett alimuua chui-milia jike wa Chowgarh kwa bunduki ileile. Alikutana naye ghafla kwenye korongo, akiwa ameshika mayai ya ndege kwa mkono wa kushoto, akageuza bunduki polepole kwa mkono mmoja. Bunduki nzito isingemruhusu kufanya hivyo.

Alipotarajia kukutana na mnyama kwa karibu katika kichaka kinene alitumia pia bunduki ya mitutu miwili ya Jeffery, kaliba .450/400. Ndiyo aliyokuwa nayo Thak mwaka 1938, katika windo lake la mwisho la mla watu. Jua lilikuwa limezama alipomwita chui-milia jike kwa kuiga sauti ya dume. Alimpiga risasi mbili akiwa ukingoni mwa mwamba, na msukumo wa bunduki ulimtupa chini, juu ya watu wake waliokuwa wamejificha.

Vita viwili vya dunia

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Corbett alikusanya wanaume 500 wa Kumaon kwa kazi za jeshi na kwenda nao Ufaransa mwaka 1917. Baadaye alitumwa mpaka wa kaskazini-magharibi, eneo lilelile ambalo hofu yake ilikuwa imebadilisha biashara ya risasi, akafikia cheo cha meja. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa amepita miaka 65, alifundisha askari waliopelekwa Burma namna ya kuishi na kupigana msituni, akapewa cheo cha luteni kanali.

Uhifadhi na uandishi

Kuanzia miaka ya 1920 Corbett alizidi kubeba kamera badala ya bunduki. Aliamini kwamba chui-milia kwa kawaida hamli mtu, na kwamba wengi hufanya hivyo kwa sababu ya jeraha au uzee. Baadhi ya wanyama aliowaua walikuwa na meno yaliyovunjika au makovu ya risasi za wawindaji wa awali. Kwake, risasi mbaya au iliyopigwa ovyo ilikuwa chanzo cha vifo vya watu miaka mingi baadaye.

Alisaidia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Hailey mwaka 1936, ya kwanza nchini Uhindi. Mwaka 1957 hifadhi hiyo ilipewa jina lake.

Kitabu chake cha kwanza kilichoenea duniani, Man-Eaters of Kumaon, kilitolewa mwaka 1944. Kilifuatwa na kile cha chui wa Rudraprayag, My India (1952), Jungle Lore (1953), The Temple Tiger (1954) na Tree Tops (1955). Wasomaji walivutiwa na heshima aliyowapa wanakijiji. Wahakiki wa siku hizi huongeza kwamba hakuuliza sana kwa nini wanakijiji hao walimhitaji mtu kama yeye, wakati sheria ya silaha ilikuwa sehemu ya jibu.

Tanganyika na Kenya

Corbett aliifahamu Afrika ya Mashariki mapema. Katika miaka ya 1920 yeye na rafiki yake Percy Wyndham, ofisa wa serikali huko Kumaon, walikuwa na shamba Tanganyika, naye alikuja mara kwa mara.

Uhindi ilipopata uhuru mwaka 1947, Corbett na dada yake Maggie, ambao wote hawakuwahi kuoa wala kuolewa, walihamia Kenya. Walikaa Nyeri katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, iliyojengwa awali kwa ajili ya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mnamo Februari 1952 Corbett alikuwa mlinzi na mwenyeji katika hoteli ya mtini ya Treetops usiku ambao Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alilala hapo. Mfalme George VI alifariki usiku huohuo, na Elizabeth akawa malkia.

Miezi michache baadaye serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau. Nyeri ilikuwa kitovu cha mapambano, na Treetops ilichomwa moto mwaka 1954. Corbett akaiona tena hofu aliyokua nayo Uhindi. Wapiganaji wa msituni walikuwa na bunduki chache za kiwandani, wakatengeneza nyingine kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, na kwao risasi ilikuwa mali adimu. Serikali ililijua hilo, ikafanya kumiliki risasi bila kibali kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alishtakiwa Nyeri mwaka 1956 kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa mwaka uliofuata.

Kifo na urithi

Corbett alifariki kwa shambulio la moyo tarehe 19 Aprili 1955, siku chache baada ya kumaliza kitabu chake cha mwisho. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro, Nyeri, si mbali na kaburi la Baden-Powell. Maggie alifariki mwaka 1963.

Mwaka 1968 nususpishi ya chui-milia wa Asia ya Kusini-Mashariki ilipewa jina la kisayansi Panthera tigris corbetti kwa heshima yake. Nyumba yake ya Kaladhungi ni makumbusho. Bunduki ya .275 ilikwenda kwa wachapishaji wa vitabu vyake, na baada ya miaka mingi ilirudi kwa kampuni ya Rigby iliyoitengeneza.

Marufuku ya .450 ililegezwa baadaye, lakini wakati huo bunduki za kaliba mpya zilikuwa zimeshika soko, na .470 ilibaki kuwa mojawapo ya kaliba zinazojulikana zaidi kwa uwindaji wa wanyama wakubwa barani Afrika. Uhindi huru iliendelea kutenganisha kaliba zinazoruhusiwa kwa raia na zile zilizokatazwa.